Ushuru wa Forodha, Ada ya Kaunti: Nani Hutoza Nini Kati ya Mombasa na Wenje

Mkulima wa Wenje akipakia maembe kwenye lori, hulipa ushuru. Mfugaji akipeleka fahali wake soko la Garissa, hulipa ushuru. Mwenye duka anayeuza mchele wa Pakistan ameulipa ushuru ndani ya bei ya gunia, ingawa hakuna aliyemkabidhi risiti yake. Na yule aliyetumiwa jokofu na dada yake anayefanya kazi Muscat ataambiwa mzigo umefika Mombasa, aende akalipe ushuru.

Neno ni moja, lakini pesa hizo si za aina moja, hazitozwi na serikali moja wala haziingii mfuko mmoja. Hapo ndipo mvutano mwingi katika vizuizi vya barabarani huanzia. Mwananchi humlaumu karani wa kaunti kwa bei ya mchele, jambo ambalo karani huyo hana uwezo nalo. Mwingine humlipa mtu yeyote aliyeshika kijitabu kando ya barabara, kwa kudhani kila atozaye ametumwa na serikali ile ile. Makala haya yanaeleza mipaka ilivyo, hasa kuhusu forodha, kwa sababu ndiyo inayochanganya watu zaidi.

Maneno yenyewe yanasaidia kidogo. "Ushuru" asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu la kumi, na katika Kiswahili limeenea hadi kufunika karibu kila malipo ya lazima. "Forodha" ni jina la mahali kwanza: bandari, pale mizigo inaposhushwa kutoka chomboni. Ndiyo maana miji ya Waswahili ina Forodhani yake. Ushuru wa forodha basi ni ule unaolipwa mlangoni mwa nchi, bidhaa inapoingia kutoka nje au inapotoka kwenda nje. Gunia la mahindi likitoka Garsen kwenda Hola halijapita forodha yoyote. Likitoka Tana River kuingia Kilifi, pia halijapita.

Katiba inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalimaliza suala hili katika Kifungu cha 209. Serikali ya Kitaifa peke yake ndiyo inayoweza kutoza kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru mwingine wa bidhaa zinazoingia au kutoka nchini, pamoja na ushuru wa bidhaa kama vile sigara na pombe. Maneno hayo "peke yake" ndiyo uzito wa kifungu chote. Hakuna kaunti kati ya 47 inayoweza kupitisha sheria ya kutoza bidhaa kwa sababu tu imetoka ng'ambo, hata kama kaunti hiyo ina bandari ndani yake.

Kaunti nazo zimepewa zao. Zinaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ambayo Bunge la Kitaifa limeiruhusu kwa sheria. Pia zinaweza kutoza ada kwa huduma zinazotoa: soko, maegesho, leseni ya biashara, ukaguzi wa nyama, uzoaji taka.

Kisha kuna aya ya tano ya kifungu hicho hicho, ambayo wafanyabiashara wangefaa kuijua kwa moyo. Inasema kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna itakayodhuru sera za uchumi za kitaifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au uhuru wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi kusafiri nchini. Kwa lugha ya barabarani: mpaka wa kaunti si mpaka wa nchi, na haupaswi kugeuzwa kuwa forodha ndogo. Kifungu cha 210 kinaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Amri ya mdomo haitoshi, hata ikitolewa na afisa mkubwa kiasi gani.

Lori la maembe

Tulifuate lori moja kutoka Wenje hadi soko la Kongowea, Mombasa, maana mfano huu unagusa nyumba nyingi kando ya mto.

Maembe yanapakiwa. Afisa wa mapato wa Kaunti ya Tana River anatoza ada ya mazao, ile ambayo watu wengi huiita sesi. Ada hii si mpya. Mabaraza ya zamani ya kaunti yaliitoza kwa miaka mingi kabla serikali za kaunti kuanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, nasi tumeirithi. Leo viwango vyake vinapaswa kuwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, inayojadiliwa na kupitishwa na Bunge la Kaunti mjini Hola. Si ushuru wa forodha, na haihusiani na KRA.

Lori linashika barabara kuu, linapita Garsen na Minjila, linaingia Kaunti ya Kilifi. Likisimamishwa huko na kutakiwa kulipa tena kwa mzigo ule ule, hapo ndipo aya ya tano inapoingia kazini. Tuwe waangalifu kidogo: Katiba haisemi kwamba kaunti ya pili haiwezi kumtoza dereva chochote. Akiegesha lori mjini, atalipia maegesho. Akishusha maembe sokoni, atalipia soko. Lakini kutozwa kwa kosa la kupita tu, bila kupokea huduma yoyote, ni jambo ambalo dereva ana haki ya kuliuliza, na swali lake lina msingi katika sheria kuu ya nchi. Vivyo hivyo kwa maafisa wetu: lori la nazi kutoka Lamu linalopitia Minjila kwenda Malindi halijavuna kitu Tana River.

Kongowea, mwenye mzigo analipa ada ya soko kwa Kaunti ya Mombasa. Hiyo ni halali na inaeleweka, kwani ametumia sehemu, maji, choo na ulinzi.

Hadi hapo lori limepita kaunti tatu, na forodha haijatajwa. Ingetajwa kama maembe hayo yangekuwa yakienda bandarini Kilindini kusafirishwa kwenda Oman au Ulaya. Hapo mwenye mzigo angeingia mikononi mwa Serikali ya Kitaifa: hati za KRA, na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Hata hivyo kazi ya kaunti haingekuwa imekwisha, na hili linafaa kuelezwa zaidi. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo likafunguliwa tena mwaka 2021. Cheti hutolewa na shirika la kitaifa, lakini nzi huyo hukaa shambani, na Jedwali la Nne la Katiba limeweka udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo chini ya kaunti. Afisa wa kilimo asipofika shambani, afisa wa KEPHIS bandarini hatakuwa na cha kutia sahihi.

Kwa mifugo ni hivyo hivyo. Mfugaji anayetoa ng'ombe Wenje kwenda Garissa, akapitia Hola na Bura hadi daraja la Madogo, anahitaji kibali cha kuhamisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo. Kibali hicho ni cha kuzuia magonjwa, kama vile ugonjwa wa midomo na miguu, kusambaa. Si ushuru wa kuvuka daraja. Mnyama yule yule akiuzwa nje ya nchi kupitia Mombasa, cheti cha afya cha kimataifa hutolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wa kitaifa. Ngozi nayo ina habari yake: anayesafirisha ngozi mbichi nje ya nchi hutozwa ushuru na Serikali ya Kitaifa, kwa nia ya kuzifanya zisindikwe hapa nyumbani. Mchinjaji wa Garsen anayeona bei ya ngozi imeanguka asiifuate ofisi ya wadi. Sera hiyo haikuandikwa Hola.

Juu ya Nairobi kuna Arusha

Watu wengi hudhani kwamba viwango vya ushuru wa forodha huamuliwa na Waziri wa Fedha jijini Nairobi anaposoma bajeti mwezi Juni. Kwa kiasi kikubwa, mambo huwa yameshaamuliwa kabla ya siku hiyo. Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya Umoja wa Forodha ya jumuiya hiyo ilitiwa sahihi Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 1, 2005. Tangu hapo nchi wanachama zina sheria moja ya usimamizi wa forodha, ya mwaka 2004, na viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Sheria hiyo ikipingana na sheria ya nchi mwanachama katika mambo ya forodha, ya jumuiya ndiyo inayotangulia.

Viwango vya pamoja vilikuwa vitatu: sifuri kwa malighafi na baadhi ya pembejeo kama mbolea, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo nchi zetu zinaona zinaweza kujitengenezea. Baraza la Mawaziri la jumuiya ndilo linaloamua, na nchi inayotaka kiwango tofauti kwa bidhaa fulani huomba ruhusa huko.

Mchele ndio mfano ulio karibu nasi zaidi, kwa kuwa kaunti hii hulima mchele katika Delta na pia huula wa kigeni. Kiwango cha pamoja cha mchele ni asilimia 75. Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35 badala yake, na sababu moja inajulikana: sehemu kubwa ya mchele huo hutoka Pakistan, na Pakistan ni mnunuzi mkubwa wa chai yetu. Kwa hiyo bei ya mchele dukani Wenje inashikana na chai ya Kericho, kupitia meza ya mazungumzo iliyo mbali na wote wawili. Mlaji hupata nafuu, naye mkulima wa Delta hushindana na mchele wa bei ya chini. Julai 2025 Serikali ya Kitaifa ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele kuingia bila ushuru wa forodha, na jambo hilo likafikishwa katika Mahakama Kuu ya Kerugoya, karibu na mashamba ya Mwea. Mkulima wa mpunga mwenye maoni juu ya hatua kama hiyo, mlango wake ni mbunge wake, Wizara ya Fedha na Wizara ya Kilimo. Gavana na wawakilishi wadi wanaweza kupaza sauti kwa niaba yake, lakini hawana kalamu ya kuibadilisha.

Anayekusanya ni KRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1995. Ndiyo inayokadiria thamani ya jokofu lile kutoka Muscat pamoja na nauli na bima yake, ikatoza ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya tangazo la uagizaji na ushuru wa maendeleo ya reli. Likishalipiwa, jokofu ni bidhaa ya Kenya kama nyingine. Kaunti yoyote litakayopitia kuja Wenje haina haki ya kulitoza tena kwa sababu limetoka Oman. Mzigo unaosafiri ukiwa bado chini ya forodha, kwa mfano kontena lenye lakiri ya KRA kutoka bandari ya Lamu, hauwezi kufunguliwa na afisa wa kaunti. Kuvunja lakiri ni kosa la jinai. Akishuku magendo, kazi yake ni kuwaita KRA au polisi. Sukari na vyakula vikishafika dukani, afisa wa afya wa kaunti anaweza kuvikagua kama vinafaa kuliwa. Lakini kukagua ubora ni kazi moja, na kudai ushuru wa forodha ni nyingine.

Mto huu ulishagombewa

Swali la nani mwenye forodha si geni katika eneo la Tana. Mkataba wa 1886 baina ya Waingereza na Wajerumani ulitambua ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, ukaishia Kipini, mlangoni mwa mto. Mwaka 1887 Sultani Barghash aliwapa Waingereza haki ya kusimamia pwani hiyo kutoka Mto Umba hadi Kipini, pamoja na forodha zake. Kaskazini ya hapo kulikuwa na Usultani wa Witu chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka 1889 mvutano ukawaka sehemu mbili kwa pamoja. Lamu, Waingereza na Wajerumani waligombania kukodishwa forodha ya kisiwa, hadi Mbelgiji Baron Lambermont akaombwa kuamua, naye akatoa uamuzi wake mwezi Agosti. Na kwenye mfereji wa Belesoni, uliounganisha Mto Tana na Mto Ozi, Sultani Fumo Bakari wa Witu aliweka kituo cha kutoza bidhaa zilizopita, na kampuni ya Waingereza ikapinga vikali. Julai 1890 Ujerumani iliachia madai yake ya Witu katika mkataba na Uingereza, na mashindano hayo ya mataifa mawili yakaisha.

Kwa wakati mmoja, basi, mazao ya bonde hili yaliweza kukutana na watozaji wawili au watatu kabla ya kufika baharini, kila mmoja akidai njia ni yake. Hali hiyo ndiyo ambayo Kifungu cha 209 kinaizuia isirudi kwa sura ya kaunti.

Pesa za forodha hurudi vipi

Mtu anaweza kuuliza: kama ushuru wa mchele unalipwa Mombasa na kwenda Nairobi, Wenje inafaidi nini? Unaingia katika mapato ya Serikali ya Kitaifa, na Katiba inaagiza kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato hayo, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao wa kaunti zote ni shilingi bilioni 415. Tana River ilitengewa takriban shilingi bilioni 6.5 katika mwaka wa 2021/22. Ukilinganisha na hizo, ada za vizuizi na masoko ni kiasi kidogo sana. Kuna pia Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya kitaifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutambuliwa. Magendo yanayopita usiku kwa hiyo hupunguza mfuko ambao zahanati zetu zinautegemea, ingawa hakuna anayeliona hilo kizuizini.

Ukisimamishwa barabarani

Ukitakiwa kulipa, uliza unalipia nini na kwa sheria gani, na usiondoke bila risiti yenye jina la kaunti, tarehe na kiasi. Fedha zote za kaunti zinapaswa kuingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na malipo yasiyo na risiti hayana njia ya kufika huko. Kama umeshalipa ada ya mazao mahali pengine ndani ya Tana River kwa mzigo ule ule, onyesha risiti ya kwanza. Ukikataliwa, andika nambari ya risiti, mahali na saa, ulifikishe jambo hilo katika ofisi ya mapato Hola au kwa msimamizi wa wadi yako. Usiporidhika, Tume ya Haki za Utawala husikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo.

Kwa ushuru wa forodha njia ni nyingine kabisa. Ukiona KRA imekadiria mzigo wako vibaya, sheria ya jumuiya inakupa siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna na kuomba upitiwe upya. Jibu lisipokuridhisha, una siku 45 kukata rufaa katika Baraza la Rufaa za Kodi. Siku hizo huhesabiwa, kwa hiyo usizimalize ukizunguka ofisi za kaunti.

Na kama neno lako ni kuhusu kiwango chenyewe cha ada ya maembe, mbuzi au kibanda cha soko, wakati wake ni kabla Mswada wa Fedha wa Kaunti haujapitishwa. Bunge la Kaunti hutakiwa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi ya mwaka, na ni lazima wananchi wasikilizwe kwanza. Maoni ya maandishi hupokelewa pia, hata karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, iliyowekwa sahihi na wakulima wa kijiji kimoja.